Ukingo wa Herufi

Katika miaka yangu hii nimekosea mambo mengi makubwa, na mengi katika hayo nimekwisha kuyasahau. Kinachonistaajabisha ni kwamba kosa linalonirudia usiku, nikiwa nimelala chali nasikiliza pangaboi likizunguka, ni dogo kiasi kwamba ukiliweka mbele ya watu kumi, tisa watakuapia kuwa hawalioni. Ni kosa la nusu ya nukta. Nalieleza hapa kwa kuwa lilinitia katika swali ambalo mpaka leo sijalipatia jibu la kuniridhisha: kazi ikiwa imekwisha kupokelewa, fedha imekwisha kulipwa na kuliwa, na mwenye kazi ameridhika nayo, kisha wewe fundi ukagundua ila ndani yake ambayo yeye haioni na pengine hataiona kamwe, je, ila ile ni mali ya nani? Ni yake aliyeinunua, au bado ni yako?

Mimi niliyaanza maisha haya kwa kuchora vibao. Mwaka 1984, nikiwa kijana wa miaka kumi na minane, nilipata kujifunza kwa fundi mmoja wa Tanga aliyekuwa akiandika majina ya maduka, namba za malori, na yale maneno ya kejeli na hekima ambayo wenye mabasi hupenda yaandikwe nyuma ya gari. Alikuwa mtu wa maneno machache. Jambo moja aliloshikilia ni hili: kabla hujachovya brashi, nenda kasimame pale atakaposimama msomaji. Ikiwa kibao kitakaa juu ya paa la duka, vuka barabara. Ikiwa ni jina la ubavuni mwa lori, mfikirie mtu aliye kando ya njia na lori linampita kwa kasi.

Siku moja nilitumia asubuhi nzima kunyoosha ukingo wa herufi moja ya kibao cha juu, nikiupitia na kuupitia tena kwa brashi ndogo mpaka ukawa kama uliokatwa kwa wembe. Fundi aliponiona alinishusha kwenye ngazi, akanivusha barabara, akaniuliza kama nauona ule ukingo. Sikuuona. Akaniambia, "Basi mwenye duka umemlia rangi yake, na mimi umenilia asubuhi yangu." Hakusema zaidi. Tulirudi kazini.

Nimelibeba somo lile miaka arobaini. Nitalirudia mbele, maana ndilo lililokuja kunihukumu kwa upande nisioutazamia.

Miaka ya 1990 ilipokuwa inaishia, kompyuta ilianza kuwanyang'anya watu wa brashi riziki yao, nami nikaona heri niifuate kuliko kuisubiri inifukuze. Nilijifunza kuchora kwa kipanya, na baada ya muda nikajifunza kuzipa picha mwendo, yaani katuni za kwenye mtandao. Programu iliyotawala wakati ule iliitwa Flash. Ilizaliwa kwa jina la FutureSplash mwaka 1996, ikaingia mikononi mwa kampuni ya Macromedia, na Macromedia yenyewe ikanunuliwa na Adobe mwaka 2005. Uzuri wake ulikuwa katika namna ya kuhifadhi picha. Picha ya kamera imesukwa kwa nukta kama mkeka kwa chane. Isogelee na utaziona chane zenyewe, wala hakuna tena mkeka. Lakini picha tuliyoichora katika Flash ilikuwa vekta, na vekta haina nukta ndani yake. Ina amri tu: toka hapa, pinda namna hii, fika pale, kisha jaza rangi nyekundu. Ukitaka herufi iwe ndogo kama punje ya mtama au kubwa kama nyumba, amri ni zile zile, na ukingo hutoka safi kila mara kwa kuwa huchorwa upya.

Hesabu ya ile mipindo ina kisa chake, na kwa kuwa kinahusiana na yatakayofuata, niruhusu nikitaje. Watu wawili wa Ufaransa waliifikia, kila mmoja kwa njia yake, katika viwanda viwili vya magari. Paul de Casteljau alikuwa wa kwanza, mwaka 1959, akiwa Citroën. Lakini Citroën waliificha kazi yake kama siri ya kiwanda. Pierre Bézier wa Renault aliifikia baadaye, naye akaitangaza katika miaka ya 1960. Leo kila mchoraji duniani huita mipindo ile kwa jina la Bézier. Mwenzake alikuwa sahihi kwanza, ila alikuwa sahihi ndani ya kabati.

Nilipoielewa vekta kwa mara ya kwanza nilipata furaha iliyokaribia ibada. Herufi isiyopata ukungu milele! Nikadhani kwamba lile tatizo la fundi wangu, la kusimama hapa au kule, limekwisha, kwani sasa herufi ingekuwa safi kwa kila msomaji popote alipo. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba hakuna mtu aliyepata kuiona vekta kwa macho yake. Kioo cha kompyuta ni nukta, kioo cha simu ni nukta, karatasi itokayo kwenye printa ni nukta. Amri huweza kuwa kamilifu kadiri upendavyo, lakini mwisho wa safari yake lazima igeuzwe kuwa nukta, nazo nukta ni za kuhesabika. Usafi wa vekta ni kama nia njema. Hatuna haja ya kuibishia, ila bado hatujaonyeshwa kitu.

Flash ilikwisha. Simu za iPhone hazikuikubali tangu mwanzo, na baada ya muda vivinjari vingine vikaanza kuikataa. Adobe waliacha kuitunza tarehe 31 Desemba 2020, na siku chache baadaye, tarehe 12 Januari 2021, wakaizuia hata kwa wale waliokuwa bado wanayo. Kazi zangu za karibu miaka ishirini zikawa majivu, lakini hilo silililii hapa. Mahali pake tulikuwa na njia nyingine: kivinjari chenyewe hutandaza kitu kiitwacho turubai, naye mwandishi wa programu huamuru katuni ichorwe juu yake. Turubai hili lililetwa na Apple mwaka 2004, na leo kila kivinjari kinalo. Jina lake limenifurahisha daima, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuchora juu ya maturubai halisi. Ila kuna jambo moja ambalo turubai la mtandao linafanana nalo mno la kitambaa: likishakatwa kwa kipimo fulani, ndicho kipimo chake. Nyuzi haziongezeki kwa kulivuta.

Mwaka 2022 ofisi moja ambayo sitaitaja ilinipa kazi ya katuni za kufundishia herufi na silabi kwa watoto wa madarasa ya awali. Herufi inakuja ndogo toka kona, inacheza, inakua, inasimama katikati, na chini yake neno linajiandika: embe, kiko, samaki. Kijana ninayefanya naye kazi alitengeneza sauti, mimi nikachora na kuandika ukurasa wa kuzibeba. Turubai nililikata kwa kipimo nilichokizoea tangu zama za Flash, yaani nukta 550 kwa 400. Tukaenda ofisini kwao, tukazionyesha kwenye kompyuta yao ya mezani, wakapiga makofi, mama mhusika akatia sahihi. Wiki tatu baadaye fedha ikaingia. Nikanunua mabati.

Aliyeliona kosa alikuwa mjukuu wangu, naye hakujua kuwa ameliona. Alikuwa na miaka mitano, yuko kwetu kwa likizo, nami nikampa simu aangalie kazi ya babu yake. Ilipotokea herufi e ya neno "embe", akasema c. Nikamwambia, "Tazama vizuri, mwanangu." Akatazama vizuri, akasema c. Nikamkemea kidogo, jambo ambalo nalijutia. Mke wangu, aliyekuwa anachambua mchele, akasema bila kuinua kichwa, "Mbona humpi na wewe miwani yako utazame?" Nikavaa miwani.

Naam. Kile kistari cha katikati, ambacho ndicho peke yake kinachoitenga e na c, kilikuwa kimeyeyuka na kuwa kama alama ya kikombe juu ya meza. Herufi nzima ilikuwa na ukungu, kama kitu kinachotazamwa kupitia pazia la chandarua. Na simu ile ilikuwa nzuri, si ya bei rahisi. Binti yangu aliiacha. Huko ndiko kulikonichanganya. Kioo bora, picha mbovu.

Nilikaa nalo usiku huo. Sababu ilikuwa ya kitoto nilipoipata. Mwaka 2010 iPhone 4 ilikuja na kioo chenye nukta 640 kwa 960, wakati zile za kabla yake zilikuwa na 320 kwa 480 katika ukubwa ule ule. Mahali palipokaa nukta moja pakakaa nne. Ili kurasa za zamani zisionekane ndogo kama stempu, simu ikazidi kujidai kwamba upana wake bado ni 320, ikawa kila nukta moja ya ukurasa inatandazwa juu ya nukta nne za kioo. Simu nyingi za leo zina uwiano wa mbili au tatu. Kwa maandishi ya kawaida hakuna taabu, kwa kuwa kivinjari huyachora upya kwa nukta zote zilizopo. Lakini turubai halichorwi upya. Turubai langu lilikuwa na nukta 220,000, na simu ya binti yangu, yenye uwiano wa tatu, ilikuwa na nafasi ya nukta 1,980,000 mahali pale pale. Kila nukta yangu ilivutwa ikafunika tisa. Ile kompyuta ya mezani ya ofisini ilikuwa na uwiano wa moja, na kwa hiyo sote tuliokuwa chumbani siku ile tulitazama mahali pekee ambapo kosa lilijificha.

Dawa yake ni mistari michache ya programu. Unaiuliza simu uwiano wake, unalikata turubai kubwa kwa kadiri hiyo, unaliambia lionekane kwa kipimo kile kile cha zamani, kisha unakuza mchoro wote ulioko ndani. Nilifanya hivyo kabla ya alfajiri, na herufi nyingi zikasafika. E yangu ikabaki na ukungu. Hapa ndipo nilipogundua dhambi ya pili, na hii nilikuwa nimeitenda kwa makusudi. Herufi zile zilikuwa na kivuli, na kuchora kivuli mara nyingi kwa sekunde huichosha simu. Kwa hiyo niliiamuru programu ichore kila herufi mara moja tu, iipige picha, na baada ya hapo iwe inaisogeza ile picha. Na picha ilipigwa wakati herufi ingali ndogo, kule konani! Ilipokuwa "inakua", haikuwa vekta inayokua, ilikuwa picha ndogo inayonyooshwa. Nikaiamuru ipige picha kwa kipimo cha mwisho cha herufi. Ikabaki dhambi ya tatu, ile ya nusu ya nukta: nilipokuwa nazipanga herufi kwa jicho, kistari cha e kilikuwa kimeangukia katikati ya safu za nukta. Nukta haiwezi kuwa nusu nyeusi. Ikiguswa nusu huwa ya kijivu. Kistari chenye unene wa safu mbili kikawa safu moja nyeusi na mbili za kijivu, juu na chini. Nikakisogeza kwa nusu. Kikakaa.

Asubuhi nilimwonyesha kijana wangu, nikamwambia tuzirekebishe herufi zote ishirini na nne. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Mzee, kazi ilishapokelewa. Na hata ile ya kwanza mimi nasoma vizuri tu."

Nilimpa simu. Akatazama zile za zamani, akazisoma zote bila kukwama. Na hakuwa ananidanganya. Basi tukabishana, na katika kubishana huko ndimo nilimopata jambo ambalo vitabu havikuwa vimenipa. Mtu aliyekwisha kujua kusoma haioni herufi. Huikisia. Mwonyeshe nusu yake, au mwonyeshe kivuli chake, naye hujaza sehemu iliyobaki kutoka katika ghala lake mwenyewe, haraka kiasi kwamba huapa ameiona. Ndiyo maana tunasoma kibao kilichofutika, barua ya daktari, risiti iliyolowa. Lakini mtoto wa miaka mitano hana ghala. Anachokiona ndicho anachokijua. Ukungu ule haukumgusa hata kidogo aliyelipa, wala aliyetia sahihi, wala aliyechora. Ulimwangukia mtu mmoja tu, yule ambaye kazi nzima ilikuwa kwa ajili yake, na ambaye hakuwa na njia ya kulalamika kwa kuwa hakujua herufi ilivyopaswa kuwa.

Na hapo ndipo nilipomkumbuka fundi wangu wa Tanga. Kwa miaka yote nilikuwa nimelitumia neno lake kama ruhusa: usihangaike na ukingo usioonekana. Nimelitaja mbele ya wateja, nimewafundisha vijana, na aghalabu limenisaidia kumaliza kazi mapema. Sasa nikaona kwamba yeye hakuwahi kusema usihangaike na ukingo. Alisema kasimame pale atakaposimama msomaji. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye kiti changu, na baada ya hapo kwenye meza ya mlipaji. Pale aliposimama msomaji wangu, yaani sakafuni, simu mapajani, kichwa kimeinama, macho hayajui kitu, sikuwa nimefika hata siku moja.

Lakini sitaki nijisifu kwa toba rahisi, maana swali lina upande wa pili wenye uzito. Je, nina hakika kwamba mjukuu alisema c kwa sababu ya ukungu? Sina. Watoto wa miaka mitano huita e c hata juu ya ubao safi uliochorwa kwa chaki. Baada ya kurekebisha nilimwonyesha tena, akasema e. Lakini kati ya hapo na hapo nilikuwa nimemwambia mara tatu kwamba ni e. Ushahidi wangu usingesimama mbele ya hakimu yeyote. Mtu anaweza kusema, na kijana wangu alisema, kwamba najitwisha hatia isiyothibitika. Nimelifikiri sana hilo. Naona kwamba ikiwa tutangoja kuthibitisha madhara kabla ya kurekebisha, basi hatutarekebisha kamwe makosa ya aina hii, kwa sababu madhara yake hugawanyika vipande vidogo vidogo kwa watu wengi, hakuna kipande chenye jina. Mtoto mmoja atachelewa siku mbili kuitambua herufi. Mwingine ataambiwa ni mzito. Nani atafuatilia mpaka kwenye nusu ya nukta?

Wala sidai kwamba usafi ni wajibu usio na mpaka. Mimi mwenyewe niliuwekea mpaka usiku ule ule. Turubai la uwiano wa tatu lilikuwa na nukta karibu milioni mbili za kupakwa upya kila mara, na nilipolijaribu kwenye simu ndogo ya bei nafuu ya jirani, katuni ikawa inakwama kama redio yenye betri za mwisho, sauti ikatangulia, herufi ikafuata. Mtoto anasikia "e" wakati anaona d. Huo ni ubaya zaidi kuliko ukungu. Nikaamua kwamba uwiano usivuke mbili, hata kama simu ina tatu, yaani nukta 880,000 na si zaidi. Wenye simu bora wataona ukungu kidogo sana, wenye simu duni watapata mwendo ulio sawa. Kuna wanaoniambia ningezichora katuni zote upya kwa njia ya SVG, ambayo imekuwa kanuni ya mtandao tangu mwaka 2001 na ambayo kivinjari huichora upya kwa kila kipimo. Wana haki, ila nayo ina mambo yake: mwambie kivinjari mapema kwamba kitu fulani kitasogea, nacho aghalabu hukipiga picha ili kijirahisishie kazi, kisha hukinyoosha, na ukungu hurudi kwa mlango wa nyuma. Kwa hiyo nililiacha kosa moja kwa makusudi na nikaondoa mengine, na hilo silioni kuwa unafiki. Tofauti naiona hapa: lile nililoliacha nilikuwa nimekwisha kwenda kulitazama kwenye simu ya jirani.

Sasa nije kwenye sehemu inayoniuma.

Tulirekebisha zote ishirini na nne kwa siku tano. Ukurasa ulikuwa bado chini ya uangalizi wangu, nikaingiza kazi mpya mahali pa ile ya zamani, usiku, kimya kimya. Sikumpigia simu yule mama. Nilijiambia kwamba hakuna haja ya kumtia wasiwasi mtu aliyeridhika. Nilijiambia pia kwamba mtenda wema hatangazi. Ukweli ni kwamba niliona haya. Nilikuwa nimejinadi kwao kuwa ni fundi wa miaka arobaini, na sikutaka wajue kwamba nimesahau jambo ambalo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufundishwa. Nikafunga kabati langu, nikiwa sahihi humo ndani.

Kijana wangu ndiye aliyeniuliza, kama wiki mbili baadaye, tukinywa chai. "Mzee, lakini si walisema watazipakia kwenye vishikwambi vya shule zisizo na mtandao?" Nilikuwa nimelisikia jambo hilo siku ya makabidhiano na nikalipitisha sikio hili likatokea sikio lile. Vishikwambi havikuwa vinausoma ukurasa wangu. Vilikuwa na nakala, na nakala zilichukuliwa siku ya sahihi. Kwa maneno mengine, wenye mtandao, ambao wazazi wao wana simu na aghalabu wanajua kusoma na wangeweza kumwambia mtoto kwamba hiyo ni e, hao nilikuwa nimewasafishia. Wale wa mbali, ambao kishikwambi ndicho kitabu chao, niliwaachia ukungu, nami nikalala usingizi mzuri majuma mawili.

Hapo niliona kwamba kurekebisha kwa siri ni kitu cha nusu. Aliyeficha kosa alilokwisha kuliondoa bado ameficha kitu, na kile alichokificha hakimtii. Kinaendelea kutembea kule asikokuona. Kama ningalipiga simu siku ya kwanza, ingenigharimu dakika kumi za aibu.

Nilikwenda ofisini kwao Jumatatu, na kijana nikamchukua. Niliweka simu mbili mezani, moja na kazi ya zamani, moja na mpya, nikaeleza. Yule mama alizitazama kwa muda, akasogeza miwani, akatazama tena. "Mzee wangu," akasema, "mimi sioni tofauti." Nikamwomba aite mtoto yeyote wa jirani ambaye hajaanza shule. Akacheka, akasema hapo ni ofisini. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza gharama ya kupakia upya italipwa na nani. Nikasema ni yangu. Akaniuliza kama niko tayari kuandika barua kwamba kazi iliyopokelewa ilikuwa na kasoro na kwamba kasoro ni ya fundi. Hilo sikuwa nimelitazamia. Barua huingia kwenye jalada, na jalada husomwa na watu wanaotoa kazi. Kijana wangu alinitazama. Niliiandika pale pale, kwa mkono, juu ya karatasi yao.

Vishikwambi vilikuwa 140. Tulipewa chumba cha stoo chenye dirisha moja na soketi mbili za umeme, tukafanya kazi siku nne, kimoja baada ya kingine: fungua, futa, pakia, fungua e, tazama kistari, zima. Kijana wangu hakulalamika hata mara moja, ingawa siku ile ya kwanza alikuwa ameniambia kwamba haoni tatizo. Siku ya tatu aliniambia kwamba sasa analiona, na kwamba hawezi tena kutoliona, na kwamba hilo linamkera.

Tulipakia 117. Vile 23 vilikuwa vimekwisha kuondoka juma lililotangulia. Yule mama alinipa majina ya shule, nami niliziandikia zote, nikaweka ndani ya kila bahasha kadi ya kumbukumbu yenye herufi mpya na maelezo ya namna ya kuzipakia. Shule sita zilijibu.

Kazi nyingine kutoka ofisi ile sijapata.